Jiwe Juu ya Kiti cha Gracien

Shati lililoleta ugomvi lilikuwa la buluu, la mikono mirefu, na Angèle hakumruhusu mtu yeyote kulishika. Alikuwa amelitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga mdomo wake fundo gumu, ili harufu ya mumewe isitoke ikaisha. Siku alizozidiwa alilegeza fundo kidogo, akaingiza pua, akavuta pumzi moja, kisha akafunga upesi kama mtu anayefunika sufuria ya chakula cha mwisho.

Jumapili hiyo ya Oktoba, baada ya misa, alikuja nao mfuko wake katika ukumbi wa katekisimu wa parokia, kule mtaa wa Kikula, akaketi akiupakata. Mbele yake alikaa mama mkwe wake, Mamu Eugénie, na mkeka umekunjwa miguuni pake. Kando ya mama alikaa David, mdogo wake Gracien, yule mwenye shati, kijana mpana wa mabega mwenye mdomo usiotulia. Na kati ya pande hizo mbili alikaa Carmel.

Carmel alikuwa mdogo kuliko wote katika kamati ya usuluhishi ya parokia. Alipokuwa chuoni hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Majibu aliyajua, ila alipendelea kuyaandika. Aliingia kwenye kamati kwa sababu Papa Augustin, aliyeianzisha, alimwambia kwamba kazi yenyewe ni kusikiliza, na kusikiliza yeye aliweza. Kwa kawaida Papa Augustin ndiye aliyeongoza na Carmel akakaa pembeni. Lakini mzee alikuwa amekwenda Lubumbashi kutibiwa macho, na Mamu Eugénie alikataa kungoja. Kilio cha mwanawe kingeanza kesho yake, shati liwepo lisiwepo.

Maana Gracien alikuwa ameingia shimoni upande wa Kakanda, kuchimba madini pamoja na wenzake, wakati mvua za msimu uliopita zilipokuwa zinaelekea kwisha. Udongo ukashuka. Wenzake walitoka, yeye hakutoka, na shimo likajaa maji mpaka watu wakaliacha. Kiangazi kizima kilipita. Mama alitaka kumzika. Mke hakutaka.

Katika kamati ya Papa Augustin kulikuwa na mambo mawili yasiyobadilika. La kwanza lilikuwa jiwe. Lilikuwa kipande cha malakiti, madini ya shaba, la kijani, linaloenea kwenye kiganja. Mwenye jiwe ndiye anayesema. Halinyang'anywi wala haliombwi; aliyelishika hulitoa mwenyewe akimaliza, na mpaka alitoe wengine wote hunyamaza. La pili lilikuwa kiti. Mzee alifundisha kwamba katika kila ugomvi kuna mtu asiyekuwepo ambaye maneno yatamwangukia: mtoto, au jirani, au aliyesafiri. Basi huwekwa kiti kitupu kwenye duara, ili wanaogombana wakumbuke kwamba hawako peke yao.

Siku hiyo Carmel alikuwa amekiweka kiti cha Gracien kati ya Angèle na yeye mwenyewe. Kilikuwa kiti cha plastiki kama vile vingine. Upepo wa nje ulikuwa umeleta maua machache ya jakaranda mpaka mlangoni, na hapo mlangoni ukaishia. Ndani hapakuwa na hewa.

Jiwe alilipokea kwanza Mamu Eugénie.

"Mutoto yangu, minye siko na maneno mingi," alisema. "Gracien njo mutoto yangu wa kwanza. Iko chini ya udongo, na hakuna hata muntu moja alimuliliaka vizuri. Kwetu, muntu mwenye mwili yake haikuonekana, tunazika shina ya ndizi mu nafasi yake. Lakini shina haijue iko ya nani. Lazima uivalishe nguo yenye iko na jasho yake. Bila ile shati, minye nazika ndizi tu."

"Na ndizi haiko hata ya kuiva," David alisema chini chini.

"Papa David," Carmel alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. "Jiwe."

"Pardon, mademoiselle."

"Huyu anacheka hata ku kilio," mama alisema bila hasira. Kisha akaegemea mbele. "Unajua juu ya nini nafanya mbio? Anagonga. Jua ikianza kushuka, nikiwa ku jikoni, anagonga chini ya simenti. Polepole, nzito. Dum. Dum. Nikiweka sufuria, inatetemeka. Uliza David."

Akampa David jiwe. David aliligeuza mkononi, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Ni kweli. Minye pia nilisikia," alisema. "Mademoiselle, kule chini téléphone haishike. Ukiwa mu shimo, unaongea na wenye beko juu kwa nyundo. Ukitaka bakuvute, unagonga jiwe polepole, nzito, vile mamu anasema. Ile ni: vuta. Ukishafungua kamba ku kiuno, unagonga mbio mbio, kidogo kidogo, sawa mvua yenye inaanza ku manjanja, ku bati ya nyumba. Ile ni: achilieni, kamba iko huru. Njo ile tu. Na kule juu, ukisikia, unafungua mikono hivi, bote baone." Akafungua viganja vyake hewani, vidole vikiwa wazi. "Sasa chini ya jikoni ya mamu, yaya yangu Gracien anasema: vuta. Kila siku: vuta, vuta. Nitamuvuta na nini, minye?"

Hakungoja jibu. Alimpa Angèle jiwe bila kumtazama machoni.

Angèle alilishika kwa mkono mmoja. Wa pili haukuacha mfuko. 

"Banasema niko mugumu," alianza. "Banasema muke gani huyu, bwana yake alikufa na yeye anafua, anapika, anaenda ku soko. Mamu aliniambia mbele ya bantu: kilio ikianza, weye hautakaa ku mukeka yangu. Sawa. Lakini minye, jioni, nafunga mulango, nalala chini, naweka sikio ku simenti. Kila jioni. Nasikia panya. Nasikia redio ya jirani. Yeye, hapana. Hata siku moja." Alilikaza jiwe kiganjani. "Anagonga kwa mama yake. Anagonga mpaka David anasikia, David mwenye alikuwa anakopa viatu yake bila kurudisha! Na minye? Sasa nifikiri nini? Ao eko muzima fasi fulani. Ao..."

Hakuimaliza ile "ao", ile "au" ya pili. Ilibaki ukumbini.

Papa Augustin alikuwa amemfundisha Carmel kwamba mtu anachokidai ni mlango tu; kazi ya msuluhishi ni kutazama nyuma yake. Carmel alitazama. Aliona mwanamke amelala kifudifudi nyumbani mwake, shavu kwenye sakafu ya baridi, anaomba agongewe. Akakumbuka desturi ya kikao: kila aliyesema hurudishiwa maneno yake, akaulizwa kama amesikiwa vizuri.

"Yaya Angèle," alisema, "wacha niseme vile nimesikia, na weye utaniambia kama ni vizuri. Kama Gracien eko muzima, ni sawa hajagonga. Lakini kama alikufa, basi alikuja ku nyumba ya mama yake na hakukuja kwako. Na ile njo yenye hauwezi kubeba."

Angèle alimtazama kwa mara ya kwanza. Machozi yalimshuka bila sauti. "Ndiyo," alisema. "Njo ile." Mamu Eugénie aliinua macho kumtazama mkwewe. Ilionekana kwamba jambo hilo hakuwahi kulifikiria.

Na hapo ndipo Carmel alipokosea.

Angèle alimrudishia jiwe. Macho ya Carmel yalikuwa yamejaa, hakuona vizuri, na mikono ikafanya ilivyozoea. Siku zote jiwe lilizunguka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu wa pili yake. Wa pili yake, upande ule, kilikuwa kiti kitupu cha Gracien. Aliliweka jiwe juu ya kiti, na mdomo wake ukasema wenyewe maneno ambayo kamati huyasema kila mara:

"Sasa ni zamu yako. Tunakusikiliza."

Alipoyasikia, yalikuwa yameshatoka.

Hakuna aliyecheka. Alitamani David acheke, lakini David alikuwa anakitazama kiti kwa macho makavu. Carmel alinyoosha mkono kulichukua jiwe, na Mamu Eugénie akainua kidole chake, taratibu, akakitikisa: hapana. Ni kweli. Jiwe halinyang'anywi. Kila aliyeingia ukumbini humo aliapa hivyo kabla ya kuketi, na Carmel ndiye aliyewaapisha.

Basi wakanyamaza wote, kwa sababu ilikuwa zamu ya mtu mwingine.

Sauti za Kikula zilianza kurudi nyuma. Muziki wa baa ulikwenda mbali, kama redio inayobebwa na mtu anayeondoka. Mama muuza mahindi aliyekuwa akiita wateja kando ya ukuta alinyamaza katikati ya neno. Joto lilikaa palepale, lakini jiwe juu ya kiti lilianza kutoa jasho. Tone moja lilijikusanya chini yake, likatambaa kwenye plastiki, likaanguka. Kwenye kiti chenyewe, pale ambapo Carmel alikuwa amepangusa asubuhi kwa kitambaa chenye maji, palikuwa na vumbi jekundu, laini, mfano wa lile wanalorudi nalo watu wa mashimoni kwenye makalio ya suruali zao.

Kisha ikaja. Dum.

Carmel aliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Dum. Mtu angeweza kudhani ni Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa, ambako wakipasua mawe vioo hutetemeka hata Kikula. Lakini ilikuwa Jumapili. Na hii haikutoka mbali. Ilitoka chini ya kiti kitupu, polepole, nzito. Miguu ya kile kiti ilicheza juu ya simenti.

Mamu Eugénie alifanya ishara ya msalaba. Usoni mwake palikuwa na hofu, na ndani ya hofu palikuwa na kitu kama fahari: si niliwaambia?

Dum.

Ikahama. Carmel aliifuata kwa nyayo zake, akiwa ameketi, kama mtu anayefuata hatua za mwingine chumba cha chini, ingawa chini ya ukumbi ule hapakuwa na chumba, palikuwa na udongo tu na mwamba wa kilima. Ilipita chini ya David, naye akainua miguu yake yote miwili kama mtoto. Ilikaa kidogo chini ya mama. Kisha ikavuka duara, ikaenda kwa Angèle, na ilipofika pale ikakoma.

Angèle alivua ndara zake. Aliweka nyayo tupu kwenye simenti, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeingiza mguu kwenye maji. Mfuko uliokuwa mapajani mwake ulibonyea, ukajaa, ukabonyea tena, na fundo lake halikuwa limefunguliwa. Harufu ikaenea ukumbini: sabuni ya kipande, tumbaku kidogo, jasho la mwanamume aliyetembea juani. Carmel hakuwahi kukutana na Gracien, lakini tangu siku ile angeweza kumtambua gizani.

Ndipo chini ya nyayo za Angèle kugonga kukabadilika. Kulikuwa kwepesi sasa, kwa haraka haraka, kidogo kidogo, kiasi kwamba wote waliinua macho kwenye bati, wakidhani mvua ya kwanza imefika. Dirishani mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Sauti haikutoka juu.

Angèle alimgeukia David. Hakusema neno, jiwe halikuwa kwake. Aliuliza kwa uso tu, na uso wake ulikuwa umeshajua.

David alitingisha kichwa, akakataa, akatazama pembeni. Midomo yake ilijikunja kama ya mtu anayemeza kitu kichungu. Kisha aliinua mikono yake mikubwa, akaifungua mbele ya wote, vidole wazi, viganja vitupu.

Kugonga kukaisha.

Angèle alisimama. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akauweka mfuko juu yake, kando ya jiwe, akaupapasa mara moja kama anavyopapaswa mgonjwa aliyelala. Alipogeuka hakuwa na kitu mikononi, na hakujua aipeleke wapi. Alisimama katikati ya duara na mikono yake ikining'inia.

Hapo Mamu Eugénie aliinama. Aliufungua mkeka, akaukunjua kwenye simenti mbele yake, akaunyoosha kona kwa kiganja. Mkeka wa kilio una mahali pa mbele, pa mtu wa kwanza. Mama akakaa pembeni, akapaacha mahali hapo, akapagonga kwa kiganja: hapa. Kaa hapa.

Angèle akapiga magoti, kisha akaketi. Mama mkwe alivua kikwembe chake cha juu, akamfunika mabega na kichwa, na wote wawili wakaanza kulia. Walilia kwa sauti, sauti mbili zilizopishana, moja nzito na moja nyembamba. Walikuwa hawajavunja kanuni, kwa maana kulia si kusema. David alikwenda kuegemea ukuta na kuuficha uso wake. Nje, mama wa mahindi akaanza tena kuita.

Walipoondoka, David aliubeba mfuko, nao wanawake wakaubeba mkeka, kila mmoja upande wake.  Jiwe lilibaki juu ya kiti. Carmel alitazama kiti hicho akiwa mlangoni, akafikiri angerudi kukipanga pamoja na vingine, na miguu ikakataa. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Kesho yake alikwenda kwenye maziko. Shina la ndizi lilivalishwa shati la buluu, likafungwa vifungo mpaka shingoni, na Angèle ndiye aliyevifunga. Wakati wa kuliteremsha sanduku lenye shina hilo, wanaume waliolishika walitazamana. David alimpitia Carmel akiwa anahema.

"Mademoiselle, shina ile nilikata minye mwenyewe. Nilibeba ku bega moja tu, nikiwa napiga mluzi," alimnong'oneza. "Sasa tulikuwa wanaume ya nguvu, na kamba ilitukata mikono."

Hakuwa anacheka.

Jioni hiyo Carmel alikuwa nyumbani na dada yake Laure, wanapika. Laure alikuwa anasonga bukari na kumsimulia habari za harusi ya mtu. Carmel alikuwa ameinamia sufuria ya sombe, majani ya muhogo, anaonja chumvi, alipohisi kitu kwenye nyayo.

Dum.

Maji yaliyokuwa kwenye bakuli yalichora duara, likapanuka, likapotea.

"Umeona nini?" Laure aliuliza. "Umekuwa sawa majivu."

"Umesikia?"

"Nisikie nini? Leta sahani, bukari inapoa."

Dum. Polepole, nzito. Vuta.

Carmel hakula. Alikaa kitandani na miguu ameikunja chini yake, isiguse sakafu, na alijua kosa lake lilikuwa wapi, si lile la kuweka jiwe. Kikao hakikufungwa. Kila kikao kilifungwa kwa msuluhishi kurudia maneno ya kila aliyesema, na kumuuliza: nimekusikia vizuri? Mpaka ajibu, hakuna aliyemaliza. Yeye alikuwa amempa mtu zamu, akasema tunakusikiliza, akafunga mlango kwa ufunguo na kumwacha ndani.

Asubuhi, kabla ya watoto wa katekisimu, alirudi ukumbini. Viti vilikuwa bado kwenye duara. Jiwe lilikuwa pale pale, limelowa, na chini yake maji yalikuwa yamechora njia kwenye vumbi jekundu. Carmel alikaa mahali pake. Aligundua kwamba anaogopa, lakini pia kwamba anamwonea huruma, na huruma ilikuwa imeketi karibu zaidi.

"Papa Gracien," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba kama siku zote. "Unisamehe. Nilikuacha na jiwe. Sasa niseme vile nimesikia, na weye utaniambia kama ni vizuri."

Aliegemea mbele, akalitazama jiwe.

"Kwa mama yako uligonga sababu ulikuwa unaomba. Muntu akiomba kutolewa, anaita mama yake. Kwa Angèle haukuwa na kitu ya kuomba. Ulikuwa na neno moja tu, ya kumuambia aachilie, na ile neno ni mugumu kuambia muntu mwenye unapenda. Uliogopa. Ulizunguka. Njo maana ulichelewa kwake." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Haukumusahau. Njo vile nimesikia minye. Nimekusikia vizuri?"

Alingoja. Hakukuwa na kugonga, si kwa polepole wala kwa haraka. Hewa ilikuwa nzito mno, basi akaenda kufungua dirisha. Komeo lilikuwa na kutu, akalisukuma kwa bega mpaka likakubali, na harufu ya asubuhi ya Kikula ikaingia, makaa na mandazi na vumbi.

Alipogeuka, kiti cha Gracien kilikuwa kikavu, kisafi, hakina kitu. Jiwe lilikuwa juu ya kiti chake yeye, pale alipokuwa ameketi sasa hivi.

Carmel alisogea, akaliokota. Lilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka muda huohuo kwenye kiganja cha mtu. Alilishika kwa mikono yote miwili mpaka likapoa.

"Asante," alisema. "Tumemaliza."

Kisha akachukua kiti kile, akakipachika juu ya vingine, akaenda kuwafungulia watoto mlango.